Kitone Kimoja, Jicho Moja

Jumatatu, 4 Machi

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na hata wasiohusika mradi wana masikio, kwamba leo saa moja na robo asubuhi jogoo mkuu wa nyumba hii, maarufu kwa jina la Mwenyekiti, amekataa kutoka bandani kwa sababu aliyefungua mlango ni mimi. Alinitazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, akahakikisha hakuna kosa, ni mimi kweli, akarudi ndani. Mitetea wote wakamfuata. Ilinibidi nikavae koti la mvua la mke wangu ndipo wakatoka, mmoja mmoja, wakinipita kama watu wanavyompita mlinzi mlangoni.

Mke wangu ameondoka jana. Mama mkwe aliteleza uani akavunjika nyonga, na binti mkubwa ndiye wa kuuguza. Atakaa huko mpaka mama aweze kusimama, huenda masika yote. Ameniachia kuku arobaini na mmoja, bata sita, mbuzi wawili ambao mmoja ana mimba, na daftari hili. Kwenye jalada la ndani ameandika: "Andika kila siku, nikirudi nitasoma. Usiandike utani."

La pili nimeshalivunja. Tusubiri la kwanza.

Naandika hapa jambo moja la kweli, kabla sijachekesha tena: kuku hawa ni wake, si wangu. Alianza na mitetea watatu mwaka alioachishwa kazi, akawatoa kwenye mwewe, mvua na mimi, hadi wakafika hapa walipo. Mimi ni fundi saa. Vitu vyangu vikifa, natia betri.

Jumatano, 6 Machi

Mbuzi mwenye mimba amekula kola ya shati langu la kijivu. Kola tu. Mengine kayaacha kambani.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Banda linavuja pembe ya mashariki. Nimepanda juu kuziba, na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ua wake na wetu vinagusana, akatoka na mwavuli wake kuja kutazama.

"Shemeji, ukianguka huko nani atakuuguza, na dada yangu yuko kuuguza mama?"

"Wewe shika ngazi, acha maneno."

"Ngazi nimeshika. Naomba tu uanguke upande ule, huku kuna sufuria zangu."

Anashona nguo, na cherehani yake naisikia tangu asubuhi hadi jioni, kama saa nyingine ya ukutani. Ana kuku ishirini na wawili. Siku ambazo hakuna nguo ya kushona, mayai ndiyo hulisha nyumba. Tangu mumewe afariki siku hizo si chache.

Alhamisi, 14 Machi

Jirani wa upande wa pili, mwalimu mstaafu tunayemwita Redio kwa kuwa hazimwi, amekuja na habari: kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimeingia mtaa wa ng'ambo ya mto. Kideri kikishaingia bandani kinafagia. Asubuhi kuku kaweka mabawa chini, jioni hayupo.

Chupa ya chanjo ni ya kuku mia, na hakuna nyumba hapa yenye kuku mia. Tena ikishafunguliwa haiwekwi. Kwa hiyo miaka yote nyumba zetu tatu huchanja siku moja, kwa chupa moja: arobaini na mmoja wetu, ishirini na wawili wa shemeji, thelathini wa Redio. Anayetonea siku zote ni mke wangu. Leo wote wawili wamenigeukia mimi.

"Mkono wa fundi saa hautetemeki," akasema Redio. "Tena anaona hata chawa wa chawa."

Nami nikakubali, kwa unyenyekevu ambao mtu akiupima hatapata hata kijiko.

Jumamosi, 16 Machi

Siku kubwa. Chanjo imefanyika.

Chupa ilikuja na kidude cha plastiki cha kutonea, kitu kibaya, kinatoa kitone kama ndoo. Nikakiweka kando. Nina kibomba changu cha kioo cha kutonea mafuta ya saa, kinatoa tone dogo na la haki. Nimekisafisha kwa spiriti, nikakisafisha tena kila tulipohama nyumba, nisihamishe uchafu wa kuku wa mtu. Usafi wa kazi! Shemeji akishika kuku, Redio akihesabu kwa sauti kama yuko darasani, mimi natonea: kitone kimoja, jicho moja, anayefuata. Kuku tisini na watatu bila kukosea jicho. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyenidonoa, nami nimemsamehe kwa kuwa ni kiongozi.

Sasa wananiita Daktari. Nimewakataza, lakini si kwa nguvu sana.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Daktari kapumzika.

Jumamosi, 23 Machi

Mke wangu kapiga simu. Mama mkwe anakaa kitandani akiegemezwa. Kuku wazima? Wazima. Mbuzi? Mzima, na kola. Chanjo? Tayari, nikamwambia, hata usiulize.

Jumatano, 27 Machi

Leo nitaandika kirefu, maana usingizi sitaupata.

Bwana mifugo, yule aliyetuuzia chanjo, ameleta saa yake karakanani, yaani sebuleni kwangu. Ilikuwa imeingia maji. Nikaifungua, nikachukua kibomba cha kioo, nikakichovya kwenye spiriti kama kawaida kabla ya kutia mafuta. Akanitazama kwa kupendezwa.

"Fundi, wewe msafi. Spiriti hiyo haiachi mdudu."

"Ndiyo kazi yake," nikasema.

"Ndiyo maana kwenye chanjo tunaikataza kabisa. Chanjo ni kitu hai, mzee wangu. Ukigusa na spiriti umeiua."

Nilikuwa nimeshika parafujo dogo kwa koleo. Lilidondoka. Miaka ishirini na saba parafujo halijanidondoka mbele ya mteja.

Nikainama kulitafuta, na nikiwa huko chini ya meza nikauliza, "Tuseme kuna mtu. Hapa mtaani. Amechanja kwa kifaa kilichosafishwa na spiriti."

"Nani huyo?"

"Mtu tu. Simjui sana."

"Basi amewaosha kuku macho." Akacheka. "Achanje upya, leo kabla ya kesho. Chanjo inataka wiki mbili mwilini ndipo imkinge kuku. Na kideri kikishaingia bandani, hata umtie kuku chupa nzima, haimsaidii. Mwambie huyo mtu wako."

Nimemwambia. Yuko hapa, anaandika.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeenda kwa bwana mifugo mapema, nikanunua chupa nyingine. Hakuuliza kitu, ila aliniangalia mikononi. Nimechanja wa kwetu upya, kwa kile kidude cha plastiki. Chupa imeisha.

Shemeji na Redio nitawaambia kesho, tununue ya kwao.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua kutwa. Mtu hawezi kwenda kwa jirani na mvua kama hii. Kwa shemeji ni hatua thelathini.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda. Shemeji alikuwa na wateja wawili, akawaambia, "Huyu ndiye Daktari wetu. Kuku wangu wanataga kwa furaha tangu awaguse." Wateja wakanisalimu kwa heshima. Nikaomba uzi wa kijani nisiouhitaji, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 2 Aprili

Kesho.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. "Shemeji, kuna jambo dogo." Hapana. "Shemeji, wajua spiriti?" Hapana. Mbuzi kanitazama huku akitafuna, mpaka nikaona aibu nikamwachia majani.

Nimeanza kuangalia mabanda yao kuliko langu. Asubuhi nasimama uani na kikombe, nahesabu kuku wa shemeji kupitia matundu ya ua. Ishirini na wawili. Nakunywa chai. Nahesabu tena.

Jumapili, 7 Aprili

Ishirini na wawili.

Jumatatu, 8 Aprili

Ishirini na mmoja! Kumbe mmoja alikuwa nyuma ya pipa. Ishirini na wawili.

Jumanne, 9 Aprili

Redio amekuja kusimama mlangoni, maji yakimtiririka kofiani. Kideri kimevuka mto. Nyumba ya tatu kutoka barabarani, kuku wote wamekwisha, hata wa kuwika hajabaki.

"Sisi tumekingwa," akasema. "Nimewaambia watu wote: mna matatizo kwa kuwa hamna fundi saa."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikaujaza chai.

Baada ya hapo nimejiambia kwamba kusema sasa kutawatia hofu bure, maana muda wenyewe haupo. Nakuandikia hili, mama watoto, najua utalisoma. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Imekaa vizuri kichwani kwa muda wa kama saa moja.

Ijumaa, 12 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shemeji akaniita uani. Hakuniita Daktari.

"Shemeji, njoo umwone huyu."

Ni yule mtetea wake mwekundu, mkubwa kuliko wote. Mama mkwe ndiye aliyempa alipofiwa, akamwambia huyu atakupa watoto, na kweli, nusu ya kuku wake wametokana naye. Amejikunja pembeni, manyoya yamesimama, mabawa yamegusa chini. Kinyesi cha kijani. Anavuta pumzi kwa mdomo, kila pumzi na sauti yake ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ni baridi, si ndiyo?" akasema shemeji. "Mvua hii. Kwani si tulichanja?"

"Tulichanja," nikasema.

"Basi ni baridi."

Akamfunga kitambaa cha sufu, akampeleka jikoni, akamweka karibu na jiko. Nilibaki uani na wale ishirini na mmoja. Wengine wawili walikuwa wamesimama bila kuchakura. Kuku asiyechakura si kuku, ni picha.

Nikaenda kumwita bwana mifugo. Alikuja, akawatazama, akavua kofia, akatuambia tusihamishe kuku yeyote, tusiuze, tuchome wanaokufa au tuwazike kina kirefu, tuvue viatu tukitoka banda moja kwenda lingine. Shemeji akamwambia, "Lakini tulichanja." Bwana mifugo akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu, maana alikuwa amevitaja.

Mtetea mwekundu amekufa saa nane mchana.

Jumamosi, 13 Aprili

Watano.

Jumapili, 14 Aprili

Wanane. Nimechimba mimi. Udongo umelowa, shimo linajaa maji kabla hujamaliza. Shemeji ananiletea chai shimoni. "Pumzika shemeji, mgongo huo si wa ujana." Ningependa anitukane.

Jumanne, 16 Aprili

Wameisha kwa shemeji. Wote ishirini na wawili. Banda liko wazi, mlango unapigwapigwa na upepo. Kwa Redio wameanza jana.

Cherehani imelia tangu alfajiri.

Jumamosi, 20 Aprili

Kwa Redio wamebaki wanne, shingo zimejipinda. Anakaa kwenye kiti mlangoni. Nilipopita akaniuliza swali kwa sauti ya ualimu: "Daktari, chupa moja, mkono mmoja, siku moja. Kwako hakuna hata mmoja. Unaelezaje?"

"Mungu tu," nikasema.

Nimeshamtupia Mungu mizigo mingi maishani, lakini huu aliujua tangu mbali.

Alhamisi, 25 Aprili

Wa kwetu: arobaini na mmoja. Mwenyekiti amepiga chafya asubuhi nikakaa naye mpaka adhuhuri. Alikuwa na unga puani.

Wanakuja watu kuangalia banda letu. Wanauliza nawalisha nini. Mmoja amechukua mchanga wa mlangoni kwenye mfuko.

Jumanne, 30 Aprili

Mbuzi amezaa mapacha. Nilitaka kumpigia kelele shemeji aje aone, kama desturi yetu. Nilifika uani, nikarudi.

Jumamosi, 4 Mei

Mama watoto karudi. Mama mkwe anatembea kwa fimbo na anagombana na wauguzaji, kwa hiyo amepona. Mke wangu amepita kwa mdogo wake kwanza, akakaa huko muda mrefu, akaja na macho mekundu. Kisha akaenda bandani, akahesabu. Arobaini na mmoja. Akanishika bega, akasema, "Baba watoto, sikutegemea."

Nimempa daftari. Ameingia nalo chumbani.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi alikuwa mezani, daftari limefunguliwa penye 28 Machi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Chupa ya kuku mia," akasema. "Kuku arobaini na mmoja. Iliishaje?"

Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Hapa hukuandika vizuri. Paandike tena." Akasukuma kalamu kwangu.

Haya ndiyo yaliyotokea.

Tarehe 28 Machi, saa nne asubuhi, nilimaliza kuchanja kuku wetu. Chupani vilibaki vitone vya kuku hamsini na tisa. Shemeji ana ishirini na wawili, Redio ana thelathini. Jumla hamsini na wawili. Vilitosha, na saba vya ziada. Sikusahau, na wala sikukosea hesabu, maana niliifanya palepale, nimesimama na chupa mkononi. Nilijua ikishafunguliwa haiwekwi. Nilijua kwamba nikienda nayo kwao lazima niseme kwa nini tunachanja mara ya pili, na nikisema, sitakuwa Daktari tena, nitakuwa yule mzee aliyewaosha kuku macho kwa spiriti. Nilikwenda bombani. Nikamimina chanjo yote kwenye mtaro, nikafungulia maji juu yake. Kisha nikaja hapa nikaandika "chupa imeisha", kwa sababu nilijua mke wangu atasoma.

Chanjo inataka wiki mbili. Kutoka 28 Machi hadi 12 Aprili ni siku kumi na tano. Kazi yangu ni kuhesabu muda. Hii nimeihesabu kila siku tangu hapo.

Nimemwambia mke wangu hivyo hivyo. Alifunga daftari, akasema, "Sasa nenda kawaambie wenyewe. Mimi sitakusindikiza."

Nilianza kwa Redio kwa kuwa kwake ni rahisi zaidi, na hilo pia naliandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akafunga mlango polepole.

Kisha nikaenda kwa shemeji. Alikuwa anakunywa chai kabla ya kuanza kazi, akanimiminia kikombe kabla sijakaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Spiriti, chupa ya pili, hamsini na tisa, bomba. Aliuliza swali moja tu.

"Alhamisi ile? Saa nne?"

"Saa nne. Nilikuwa nakusikia, cherehani ilikuwa inalia."

Akawaza kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Alhamisi ile," akasema, "nilikuwa nashona suruali yako, niliyoichukua kambani kwenu. Dada alinipigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo, nikamwambia umekonda, akasema nikupunguzie kiuno kabla hujaaibika mbele za watu."

Suruali ni hii niliyoivaa. Aliileta jioni ile ile, akaiweka juu ya kiti, nami nikasema asante.

Akamalizia chai yake. Akachukua na kikombe changu ambacho sikukigusa, akakimwaga, akakisuuza, akakipindua kwenye kichanja. Akakaa kwenye cherehani, akaingiza uzi, akaniambia bila kuinua macho:

"Haya, fundi. Karibu tena."